Mistari Iliyopanda Kulia

"Njoo uone ulichofanya! Paka ndiye aliyekufundisha kazi?"

Shemeji yake Mashoto alisema hivyo makusudi, gereji nzima isikie. Gari la rangi ya fedha lilikuwa limetolewa juani, na kwenye fenda, bamba la juu ya gurudumu, chini ya rangi mbichi, mikwaruzo ilimeta.

Mashoto alifuta mikono. Kazi yake ilikuwa kuandaa bodi. Mlango ukibadilishwa, fenda iliyo kando yake hupigwa msasa laini na maji, ili rangi ipulizwe mlangoni na kufifia juu ya fenda, jicho lisione ilipoishia. Rangi yenye chembe za fedha haina siri. Ukipitisha msasa mkali, chembe zinalala mle mle kwenye mikwaruzo, na jua likiwaka unaumbuka. Mumewe ndiye aliyemfundisha hayo, miaka tisa iliyopita. Tangu azikwe, mdogo wake huyu, mpuliza rangi, alitaka mjane atoke gereji hapo. Walichukiana waziwazi.

"Bosi, aondoke yeye au niondoke mimi," alisema shemeji, kidole cha mkono wa kulia usoni mwa Mashoto.

Mwenye gereji alipapasa fenda, akaguna. "Mama, kusanya vitu vyako."

Mashoto hakuwa na kazi nyingine, wala hakuitaka. Akainama atazame aibu yake kwa karibu, kisha akainuka taratibu.

"Bosi, mimi naitwa nani hapa?"

"Mashoto."

"Kwa nini?"

"Si unatumia mkono wa kushoto!"

"Basi mistari yangu hupanda kushoto. Hii yote imepanda kulia. Mchana nilikwenda kuteka maji, fenda nikaiacha na mtu."

"Mfa maji haachi kutapatapa!" Shemeji alicheka, ila peke yake.

Mwenye gereji alivuta boneti kuukuu, akaiegemeza ukutani. "Kila mmoja apige msasa hapa. Sasa hivi."

Mashoto alianza. Shwa, shwa, shwa. Mistari ikapanda kushoto, yote, bila hata mmoja kuasi. Akauchovya msasa ndooni, akamnyooshea.

"Zamu yako, shemeji."

Shemeji aliutazama ukichuruzika maji. Mkono uliokuwa ukinyoosha kidole akautia mfukoni. Msasa akaupokea kwa mkono wa kushoto.