Foleni ya Watu Wawili

Tangu mumewe Rodel arudi kutoka baharini, Rowena hakuwa amekaa naye peke yao hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Alikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Iloilo, mkoani kwao, na watoto wawili, mama mkwe, binamu kadhaa, na jirani mmoja aliyekuja kwa sababu gari lilikuwa na nafasi. Nyumbani walikuta vyakula vimeshaiva, na kuanzia siku hiyo watu hawakukatika mlangoni. Walikuja wasimamizi wa ubatizo kuulizia chokoleti zao, wakaja wajomba kutaka habari za bandari za mbali, wakaja vijana kuuliza kama kwenye chumba cha injini cha meli, Rodel anakofanya kazi ya kutia mafuta mitambo, kuna nafasi. Usiku Ica, ambaye hajatimiza mwaka, alilala kifuani kwa mama yake, na Jepoy wa miaka mitatu alijilaza kitandani kwa upana kama kizuizi cha polisi, kichwa kwa mama, miguu kwa baba.

Kwa hiyo Rodel alipotangaza kwamba wanakwenda Singapore, wao wanne tu, kwenye ile bustani kubwa ya michezo ya kisiwani, Rowena aliinama akajifanya anatafuta kiatu cha mtoto ili mama mkwe asimwone anavyotabasamu.

Mama mkwe alisema ni kutupa hela. Mtoto wa umri ule, umpeleke sokoni au umpeleke mwezini, kwake ni mamoja, atakachokumbuka ni puto. Rodel alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Atakumbuka, Mama." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba.

Rowena hakuwa anafikiria kumbukumbu za Jepoy. Alikuwa anafikiria Jumatano itakayofuata safari hiyo, siku ambayo Rodel angepanda ndege kwenda kuikuta meli yake, na jinsi kabla ya Jumatano hiyo alivyotaka kumpata mume wake japo kwa saa moja. Baba watoto alikuwa naye kila siku. Aliyemtaka ni yule mume.

Bustanini mambo hayakwenda alivyoota. Jepoy aliwaogopa wale wanasesere wakubwa wanaotembea, akapiga kelele kila mmoja alipomkaribia kutaka kupiga naye picha. Hakutaka kupanda farasi wa kuzunguka. Kitu alichokipenda ni bomba la maji la msalani, lile linalofunguka lenyewe ukiweka mkono. Alitaka kurudishwa huko mara kwa mara, na kila mara alimtaka mama yake. Rodel alijaribu kumbeba mabegani. Mtoto alikubali kidogo, kisha akaanza kujikunja na kumnyooshea mama mikono.

"Hanizoei," Rodel alisema.

"Ana usingizi huyo. Hata mimi asubuhi kaning'ata."

"Amekung'ata kwa sababu anakupenda. Mimi hata kuning'ata hataki."

Rowena alicheka, lakini alipomtazama aliona kwamba mwenzake hakuwa anatania sana. Walikaa kivulini wakala wali na adobo, nyama ya siki aliyoipika Rowena hotelini kwenye jiko la umeme na kuificha chini ya nepi, maana chakula cha nje kilikuwa hakiruhusiwi. Alitaka kumwambia jambo, jambo lolote lisilohusu watoto, lakini Ica alitapika maziwa na neno likapotea.

Mchana walifika kwenye treni ya kupinduka. Reli yake ilipanda juu ya miti, ikajikunja, ikashuka kama kitu kilichoangushwa, na watu wakapita wakipiga mayowe huku nywele zimesimama. Rowena aliitazama akakumbuka uwanja wa maonyesho wa mji wao wakati wa sherehe za mtakatifu, lile gurudumu la chuma lililokuwa likilia kama mlango mbovu, na Rodel, wakati huo mwanafunzi wa chuo cha ubaharia, akijifanya haogopi walipokwama kule juu. Rodel alimshika mkono kwa kisingizio cha kumtuliza. Kumbe aliyehitaji kutulizwa ni yeye.

"Tupande," Rowena alisema.

Mhudumu wa mlangoni, kijana mwenye kofia ya njano, alitazama kigari cha mtoto, akamtazama Jepoy, akawaeleza kwa Kiingereza cha haraka utaratibu wa wenye watoto wadogo. Mmoja apange foleni na kupanda, mwingine abaki na watoto. Wa kwanza akitoka, wa pili anaingia kwa mlango wa pembeni bila kupanga tena. Alisema kwa furaha kabisa, kama mtu anayetoa zawadi. Akawapa kadi.

Rodel akatangulia. Rowena alingoja kwenye benchi, akambembeleza mmoja, akamfuta mwingine pua. Rodel alipotoka, alitoka kwa mwendo wa kasi, akacheka, akasema, "Nenda, nenda, mlango ule," akipokea begi la maziwa. Mikono yao iligusana kwenye mkanda wa begi. Rowena akaingia. Walimketisha kando ya msichana wa shule asiyemjua, ambaye treni ilipoanza kushuka alimng'ang'ania mkono na kumlilia mama yake kwa Kichina. Rowena naye alipiga kelele. Alipotoka alimkuta Rodel amesimama palepale na kigari, na Jepoy analia, na kabla hajasema ilikuwaje alikuwa ameshakabidhiwa mtoto.

Ndipo ikamjia kwamba hivi ndivyo walivyoishi. Mmoja anaingia, mwingine anatoka, wanapeana mizigo mlangoni. Hakumlaumu mtu. Alikaa tu kwenye benchi, akashindwa kuyazuia machozi, akajifanya ni upepo wa ile treni.

"Ninyi wa Iloilo," ilisema sauti upande wa pili wa benchi. Haikuwa swali.

Alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa fulana ya mikono mirefu, amezungukwa na mikoba, miavuli na makoti kama mtu aliyeachwa bandarini. Alisema anaitwa Nenita, wa Dumangas, karibu na Iloilo, na lafudhi yao aliisikia tangu walipokuwa wakigombana na nepi. Alikuwa dada wa kazi hapo Singapore. Mabosi zake na watoto wao walikuwa wamekwenda kwenye mchezo wa maji, upande ule, akaelekeza kwa midomo, na yeye kaachiwa kulinda mizigo. Wakaulizana kama ilivyo desturi, ukoo wa nani, parokia gani, shule gani, mpaka wakampata mkunga mmoja aliyemzalisha dada yake Nenita na ambaye pia alimzalisha Rowena alipojifungua Jepoy. Baada ya hapo Nenita hakuwa mgeni tena.

"Dada, umepanda?" Rodel alimuuliza.

"Nani alinde mikoba? Halafu mimi tumbo langu halitaki kupinduliwa." Akamtazama Rowena, akatazama kadi mkononi mwake. "Mmepanda mmoja mmoja."

"Ndivyo utaratibu ulivyo," Rodel alisema.

"Utaratibu wa watu wasio na ndugu huo. Niachieni watoto. Pangeni foleni wawili, kama watu waliooana."

Rodel alimtazama mkewe. Rowena alimkumbatia Ica kwa nguvu zaidi. Alimwamini Nenita, lakini huyu alikuwa mtu aliyemjua kwa muda wa kumaliza chupa moja ya maziwa. Nenita aliliona hilo. Hakuchukia. Alivua kamba shingoni, akampa kitambulisho chake cha kazi kilichokuwa na picha aliyopigwa akiwa kijana zaidi.

"Shika hiki. Bila hiki hapa siwezi hata kununua laini ya simu. Nitakwenda wapi na watoto wenu, mdogo wangu?"

Jepoy wakati huo alikuwa ameshagundua kwamba mwavuli mmoja wa Nenita unafunguka kwa kubonyeza. Rowena akamweka Ica mapajani mwa yule mama. Ica alitazama juu, akamshika kidevu. Nenita akafumba macho kidogo, na Rowena alitaka kumuuliza kama naye ana mtoto aliyemwacha nyumbani, lakini alijua jibu, akaona aibu kuuliza.

Wakaingia kwenye foleni. Ilikuwa ndefu, imezungushwa kwa kamba huku na huko chini ya paa la bati lenye feni. Mwanzoni Rowena alikuwa akigeuka nyuma kila hatua. Walipopinda kona ya kwanza benchi halikuonekana tena, na mikono yake ikawa haina kitu. Hakujua aiweke wapi. Rodel naye alikuwa ameshika mikono nyuma kama mwanafunzi.

Walizungumza habari za watoto mpaka zikaisha.

"Lile jenereta la nyumbani uliliuza?" Rodel aliuliza mwishowe.

"Nilikuandikia."

"Kweli, uliniandikia."

Foleni ikasogea. Rowena alikuwa amekaa miezi akimwambia mambo mengi kichwani mwake, akiwa anafua au anangoja wali uive, na sasa alimwona mtu mwenyewe, mwenye kovu jipya la moto kwenye kiwiko ambalo Rodel hakuwahi kumwambia, na hakuna hata neno moja lililojitokeza.

"Ukipiga simu," alisema, akitazama kisigino cha mtu wa mbele, "naweka simu mbele ya Jepoy. Halafu mbele ya Ica. Halafu mama yako anaichukua. Halafu mtandao unakatika. Del, mimi sijaongea na wewe tangu mwaka jana."

Hakumwita Baba Jepoy kama siku zote. Rodel alisikia. Foleni ikasogea tena.

"Haya, ongea," alisema.

Rowena alifungua mdomo. "Miguu inaniuma," alisema.

Rodel akaanza kucheka, taratibu kwanza, mabega yakitikisika, na yeye akacheka, na watu wa mbele wakageuka. Baada ya hapo mambo yakafunguka. Rowena alimweleza jinsi alivyotengeneza pampu ya maji mwenyewe, akachafuka grisi mpaka nyusi, akamfikiria. Alimweleza kwamba mvua kubwa ikipiga bati usiku anaamka na kukaa, kwa sababu hajui kama kule aliko nako inanyesha. Rodel alimweleza habari ya kovu: bomba la mvuke, si kitu kikubwa. Kisha akasema haikuwa kweli kwamba si kitu kikubwa. Alisema kule chini kuna kelele kiasi kwamba ukiita jina la mtu hakuna anayekusikia, hata wewe mwenyewe hujisikii, kwa hiyo humo ndimo anamoita jina la mkewe.

"Unaita vipi?"

"Weng, kama nilivyokuita zamani. Naita tu. Nikiwa nafuta mafuta."

Rodel alimshika mkono. Hakukuwa na kisingizio safari hii.

Wakafika mbele. Kijana wa kofia ya njano alinyoosha vidole viwili akiwauliza. Treni ilikuwa imesimama, viti viwili vitupu vikiwangoja bega kwa bega, ndicho kitu hasa alichokuwa amekitaka tangu asubuhi. Rowena aliona kwamba wakiketi, kila kitu kitakwisha kwa dakika chache za mayowe. Akarudi nyuma hatua moja, akawaonyesha wazee wawili wa nyuma yao wapite.

Rodel alimtazama. Treni ilipokuja tena, ni yeye aliyewapisha watu, kundi zima la wanafunzi.

Mara ya tatu kijana wa kofia aliwauliza kama kuna tatizo.

"Mke wangu anaogopa," Rodel alisema.

"Sana," Rowena alisema.

Kijana aliwahurumia. Akawaonyesha ngazi ya wanaoghairi, pembeni, nyuma ya mtambo. Ilikuwa ngazi nyembamba isiyopambwa, ina ndoo na mifagio, na hapakuwa na mtu. Huko juu treni ilipita, chuma kikanguruma, na Rodel alisimama katikati ya ngazi akamvuta mkewe, akaweka pua yake shavuni kwake na kuvuta pumzi ndefu, kama wanavyobusiana kwao. Alisema neno. Kelele ilikuwa kubwa, Rowena hakulisikia, lakini aliona midomo yake ikilitamka.

Rowena aliposhuka chini alikuwa na haya kama mtu aliyefanya kosa. Nenita alikuwa amesimama, anatazama upande wa mchezo wa maji, kwa sababu mabosi zake walikuwa wanakuja, wameloa, wakiita taulo. Alipokea kitambulisho chake akakivaa upesi. Ica alikuwa amelala begani kwake, na kumtoa hakumtoa mara moja. Alimpa Rowena kichwa kwanza, kisha mgongo, kisha miguu.

"Ilikuwaje?" aliuliza.

"Ilikuwa fupi, dada."

Nenita aliitikia kwa kichwa, akachukua mikoba yake yote kwa mara moja, akaondoka.

Walikaa kwenye benchi. Jepoy alipanda akajisukuma katikati yao, akaegemeza kichwa kwa mama na kuweka viatu vyake vyenye matope kwenye suruali ya baba. Rodel hakuviondoa viatu. Juu ya kichwa cha mtoto Rowena alisema, bila kumtazama, "Simu ya kwanza utakayopiga kutoka melini, naongea mimi kwanza."

"Na hawa?"

"Watapanga foleni."

Rodel alikubali kwa kichwa. Akafunua ramani ya bustani magotini, akaitazama kwa muda mrefu bila kuuliza waende wapi. Jua lilikuwa bado kali. Jepoy akasema anataka kwenda kuona bomba, na kwa kuwa mama amembeba Ica aliyelala, alimtazama baba yake, akafikiri, kisha akamnyooshea mkono mmoja.

Rowena aliwaangalia wakienda, mrefu na mfupi, mpaka umati ukawafunika. Jumatano ilikuwa karibu. Aliendelea kutazama mahali walipopotelea.