Beringi ya Makao Makuu

Kutoka Liuli mpaka Lituhi hakuna mtu anayezijua pampu za maji kumzidi bibi anayeyaandika haya. Aliwahi kuisogelea moja aikague vizuri, mkanda ukamvua kitenge mbele ya watu, na tangu siku hiyo huzikagua akiwa ng'ambo ya barabara.

Pampu yenyewe ilikuwa mikononi mwa Injinia Urbani, Mmatengo wa Ukata, mtoto wa wakulima wa kahawa. Serikali ilimsomesha mpaka akapata cheti cha kutundika ukutani, kisha Shirika la maji likamleta huku ufukweni, karibu na Lundo, atunze mtambo mmoja. Mtambo ulivuta maji ya ziwa ukayapandisha zahanati na vijiji vya mlimani. Ukizima, akina mama walishuka na ndoo mwendo wa saa moja, wakapanda mwendo wa saa mbili, na huko chini, pale mto unapoingia ziwani, palikuwa na mamba asiye na haraka.

Mwaka tisini na tatu, mwezi wa nne, beringi ya pampu ikaisha. Ni duara la chuma la kujaa kiganja tu. Urbani akalitoa, akalipangusa, akaketi kuandika.

Fomu ya kuomba kipuri ilitakiwa nakala nne. Zikaenda Mbinga, zikaenda Songea, zikaenda Dar es Salaam kwenye ghorofa za Shirika, na baada ya wiki tisa zikarudi: mhuri haukukolea. Akaukoleza. Zikarudi tena: tuma beringi iliyoharibika, ithibitishwe kwamba imeharibika. Akaifunga kwenye gazeti, akaituma. Mwezi wa kumi ikaja barua nene, na mkewe Scholastica ndiye aliyeifungua.

"Baba Vitalia, wanasema kituo chako kimepotelewa na beringi moja. Ueleze kwa maandishi, ndani ya siku kumi na nne, kwa nini usichukuliwe hatua."

"Lakini wanayo wao!"

"Sasa unanigombeza mimi? Waambie wao. Nakala nne."

Akatazama tarehe. Hiyo barua ilikuwa imekaa njiani siku ishirini na moja.

Na kila asubuhi Bibi Bonifasia alishuka kutoka mlimani, ndoo kichwani, akapita makusudi mlangoni pa ofisi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Injinia wangu. Maji vipi?"

"Bado, Bibi. Tunasubiri kipuri."

"Haya. Akifika huyo kipuri, mwambie nilimngoja sana. Akikuta nimeshaliwa, aje msibani, asione haya."

Urbani alicheka kidogo, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Kufunga beringi mpya ilikuwa kazi ya nusu saa, na mikono yake iliijua. Miaka minne ya chuo, na kazi aliyobakiziwa ilikuwa kukoleza mihuri.

Mwezi wa kumi na mbili akapanda lori kwenda Mbinga kuchukua redio yake kwa fundi. Akapita dukani kwa Abdulazizi. Enzi za foleni duka hilo lilikuwa na chumvi, viberiti na pole nyingi. Tangu biashara iwe huria, hata mwenyewe alikuwa hajui vyote alivyonavyo. Kati ya sabuni na kandambili ilikaa beringi, saizi ile ile, bado imo kwenye karatasi yake ya mafuta.

"Hii umeitoa wapi?" Urbani akauliza.

"Injinia, siku hizi swali hilo halina mwenyewe. Unaitaka, au unaipiga picha?"

Akarudi bila redio. Kesho yake maji yakapanda mlimani. Bibi Bonifasia akaigeuza ndoo yake juu chini, akaipiga kama ngoma mpaka ikabonyea, na Scholastica akasema sawa, taarifa ya habari atakuwa anaisikiliza kwenye pampu.

Ila kanuni ya Shirika ilikuwa moja: kipuri kisichotoka bohari kuu ni marufuku. Anayekifunga anafukuzwa, mtambo unapigwa lakiri. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi Urbani aliandika kwa mwandiko wake mzuri, "Mtambo: mbovu. Maji: hakuna," huku pampu ikinguruma nyuma ya ukuta na kumtikisia kalamu.

Katikati ya mwaka tisini na nne ikaja barua nyingine. Shirika linapunguza mzigo. Kituo kilichokufa zaidi ya mwaka kitafungwa, mtambo wake utang'olewa na kuuzwa. Mkaguzi atafika Alhamisi.

Urbani hakula siku mbili. Akisema pampu mbovu, inang'olewa. Akisema nzima kwa beringi ya dukani, inapigwa lakiri, na yeye anarudi Ukata kulima. Ilibaki njia moja. Shirika lile lilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu wa ghorofa ya tatu hamjui wa ya nne. Nani angejua nani alituma nini?

Alhamisi akashuka kwenye Landrover mtu mrefu, mwembamba, mpole kama katekista, akajitaja kuwa ni Mansuetus wa makao makuu. Scholastica akamwandalia ugali na mbasa, samaki wa ziwani. Mgeni alikula polepole, sikio likiwa ukutani.

"Kwa marehemu, inapumua vizuri," akasema. "Taarifa yako ya mwezi jana imeandika mbovu."

"Ilipona baada ya taarifa, mzee. Beringi imefika wiki tatu zilizopita."

"Kutoka?"

"Bohari kuu."

"Alhamdulillahi, Dar imenizoesha hivyo; huku mnasemaje? Tumsifu Yesu Kristo." Mgeni akachambua mwiba. "Nani aliidhinisha?"

"Ofisa ugavi wa makao makuu. Mwenyewe kabisa, kwa mkono wake."

"Unamfahamu?"

Scholastica akakohoa. Urbani hakumsikia, mlimani ndoo zilikuwa zinajaa, na ulimi wake ulikuwa umeshaanza kukimbia.

"Namfahamu sana, mzee. Mfupi, mnene, ana kitambi na hasira za karibu. Alinipigia simu Mbinga, akanigombeza, kisha akasema, 'Urbani, kwa ajili ya akina mama wale, naisaini.' Mtu mkali, lakini ana huruma."

Mansuetus akanawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akajifuta kwa leso yake. Akamtazama injinia kwa macho ya mtu anayesikitika kweli.

"Ofisa ugavi wa makao makuu ni mimi," akasema. "Mwaka wa sita sasa."