Kiti cha Nyuma cha Paipa Kabu

Salome, fundi wa kuchomelea pale Maganzo, alikuwa ameshakata bawa moja la ndege kuukuu alipomwona mzee amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee. Unatafuta vyuma chakavu?"

"Marahaba. Hapana. Nimesikia umenunua Paipa Kabu, hii ndege ndogo."

Kwa Salome ndege hiyo ilikuwa mabomba membamba na vitambaa vilivyooza. Mzee huyo, Sostenes, askari mstaafu wa Ibadakuli, akamweleza. Ndege hizi zilitengenezwa Marekani, raia wakajifunzia kurusha. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, jeshi likazichukua. Zilipita chini, polepole, askari akichungulia na kuwaelekeza wapiga mizinga. Zilitua hata barabarani, zikaleta barua, zikaondoka na majeruhi.

"Mmoja mmoja," alisema. "Kiti cha abiria ni kimoja tu."

Mwaka 1979, katika vita vya Kagera, ndege kama hiyo, ya kuazima kwa mkulima wa pamba, ilitua karibu na kambi yao. Sostenes alikuwa na risasi tumboni. Rafiki yake Marwa alikuwa amevunjika paja, anavuja damu. Daktari akamchagua Sostenes. Kisha mvua ikashuka, ndege ikashindwa kurudi, na Marwa akafa jioni ile.

"Ndugu zake wanajua?"

"Wanajua alifia vitani, basi."

Aliomba aingie ndegeni. Akakaa kiti cha nyuma, magoti yamebanwa.

"Dada yake anauza chakula Rwamgasa," alisema hatimaye. "Mwaka wa sita huu najua alipo."

"Sasa unasubiri nini, baba?"

Wiki ile Sostenes alipanda basi kwenda Rwamgasa. Alimkuta Bernadina, dada yake Marwa, akiwapakulia wachimbaji maharage, akamsimulia yote.

"Marwa alisemaje?" Bernadina aliuliza.

Njia nzima Sostenes alikuwa ameandaa jibu: kwamba Marwa mwenyewe alimwambia nenda. Lingewafaa wote wawili.

"Hakusema kitu, dada. Alikuwa amezimia. Na mimi sikuuliza kwa nini nimechaguliwa. Niliogopa wasije wakabadili."

Bernadina akaweka upawa chini. Wateja waliita, hakuitika.

"Mama alikufa akiamini mwanawe aliachwa porini peke yake."

"Hakuwa peke yake. Daktari aliniambia baadaye, alimshika mkono mpaka mwisho."

Bernadina alifuta macho kwa ncha ya kanga, akamsogezea kigoda.

"Keti, kaka. Nisimulie tena, polepole. Anzia siku mliyojuana."