Alama za Chaki za Veronika

Serikali ilipoanza kuuza viwanda, kile cha Morogoro alichokuwa akifanyia kazi Stambuli kilifungwa kikisubiri mnunuzi. Kilichobaki wazi ni ukumbi wake wa burudani, na humo Stambuli aliendelea kufundisha karate.

Mwanafunzi wake bora alikuwa Veronika, binti wa wakulima wa ndizi wa Kinole, aliyekulia kwenye miteremko ya Uluguru. Teke lake lilipotua kwenye gunia la mazoezi, Thobias, mwanafunzi mwenzake aliyelishikilia kwa nyuma, alirudi hatua nzima akicheka.

Kabla ya mashindano ya Dar es Salaam, Stambuli aliwapima wote nguvu za miguu. Mtu alipaka vidole chaki, akasimama kando ya ukuta, akagusa juu kadiri mkono ulivyofika. Kisha akaruka na kugusa tena. Nafasi kati ya alama mbili ndiyo nguvu yake.

Alama ya Veronika ilikuwa imeshuka tangu kipimo kilichopita.

"Umechoka," Stambuli alimwambia. "Pumzika, ule vizuri."

Alipumzika, akala. Alipopimwa tena, ilikuwa chini zaidi. Stambuli akampa mazoezi ya kuchuchumaa na mfuko wa mchanga mabegani, naye akayafanya bila kunung'unika. Thobias sasa alipokea mateke yake bila kuyumba, wala hakucheka tena. Kisha jioni moja Veronika akaanguka sakafuni, mahali pakavu, hakuna aliyemgusa.

Hospitalini daktari alimshika mapaja, akamwambia ainuke kwenye kiti bila kujishikiza. Hakuweza.

"Misuli inasinyaa," daktari alisema. "Ugonjwa huu mtu huzaliwa nao, ukajitokeza baadaye."

"Dawa yake?" Stambuli aliuliza.

"Hakuna. Na mazoezi mazito muache, yanamwumiza."

Stambuli alitazama mikono yake. Ndiyo iliyokuwa ikimtwisha ule mfuko.

Siku ya kurudi Kinole, Veronika alipita ukumbini.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba unipime."

"Marahaba. Ya nini tena, mwanangu?"

"Nijue nimefika wapi."

Stambuli akampa chaki. Veronika aligusa ukuta, akakunja magoti, akaruka. Visigino viliinuka, vidole vya miguu vikabaki sakafuni. Alama ya pili ilikaa juu ya ya kwanza, karibu ziwe moja.

"Niambie."

"Imeshuka," Stambuli alisema.

Veronika akaitikia kwa kichwa. Aliinama kuvaa viatu, akakaa chini ili aweze, na kuinuka kukamshinda. Stambuli alimnyanyua kwa kwapa, kama mtu anavyomnyanyua mama yake mzee. Hakuwa na lingine la kumfanyia. Thobias alibeba begi lake, wakatoka polepole kuelekea stendi.

Wanafunzi wengine walikuwa wamejipanga, wakimngoja awapime. Stambuli aliwaambia warudi nyumbani.