Wenye Mzigo Mdogo Watangulie

Mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Gaspar, pale Mpanda kwenye njia ya kwendea Kasokola, ilikuwa na tabia ya kulaza watu. Sisemi kuwaroga, nasema kuwalaza. Uingie uwanjani pale mwezi wa saba, jua limechachamaa, vumbi la pumba linaelea hewani, na ile ngurumo inakuingia miguuni inapanda mpaka kifuani. Hata uwe mkorofi namna gani, utatafuta gunia uegemee. Watu walilala wakisubiri zamu, na wengine waliongea humo humo usingizini. Kuna mama mmoja alisimulia harusi nzima ya mwanawe amefumba macho, na wenzake waliofumba macho pia wakawa wanamwitikia. Bisha ukitaka, mimi nakwambia ndivyo ilivyokuwa.

Lusia, binti wa pekee wa mzee huyo, alikulia ndani ya ngurumo hiyo. Alipokwenda chuo Morogoro alikosa usingizi muhula mzima kwa sababu ya ukimya. Alisomea biashara, na somo lililomteka ni lile wanaloliita opereshenzi risechi: hesabu za kuamua nani atangulie, gari lipite njia ipi, ghala liwekwe kiasi gani, ili kazi iende na hasara ipungue. Mama yake alifariki yeye akiwa mwaka wa pili. Akaja, wakazika, akarudi kumalizia masomo. Sasa amerudi moja kwa moja, anakuta baba yake amepata mnunuzi wa mashine.

"Mavuno haya yakiisha anakuja kuing'oa," Gaspar alisema huku anamenya muhogo.

Neno kuing'oa lilimchoma Lusia. Alishajiona yeye ndiye mwenye kuiendesha mashine hiyo mpaka uzee wake, na hakuwa na ndoto nyingine.

"Baba, nipe msimu huu mmoja. Wateja wamepungua kwa sababu foleni haina mpango. Nikiujaza uwanja, usiuze."

Mzee akafungua mdomo kama mtu mwenye neno refu. Mara mteja akaita nje akiulizia magunia yake, na Lusia akatoka mbio.

Sasa sikiliza desturi ya pale. Watu waliokuja na gari moja hukoboa kwa kufuatana. Fuso likiingia kutoka Kasansa, aliyeleta debe na aliyeleta rundo ni kitu kimoja mpaka mzigo wa gari lao uishe. Lusia aliona huo ni uonevu. Mtu ana debe moja, anakaa nyuma ya rundo la mwenzake nusu siku, kisa wamepanda gari moja? Chuoni walifundishwa, tena kwa uthibitisho, kwamba ukiwatanguliza wenye kazi fupi, wastani wa kusubiri hushuka. Akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wa getini: WENYE MZIGO MDOGO WATANGULIE. Akagawa namba, akawa anaziita kwa kipaza sauti, na ukishakoboa unatoka nje ya geti kupisha wengine.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hesabu ilikuwa sahihi. Kwenye kompyuta yake wastani ulishuka kama maji ya mto Katuma wakati wa kiangazi. Lakini usingizi ukahama uwanjani. Watu wakawa wanakaa macho kodo, wanasikiliza namba, wanatazamana magunia nani kaleta dogo.

Mzee Ezekia alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Kasansa na ng'ombe wake zamani, siku hizi analima mpunga kuliko wenyeji. Alikuja na rundo kubwa. Kila zamu yake ilipokaribia, bodaboda iliingia na kiroba kimoja, kikatangulia. Alisubiri siku hiyo akasubiri na kesho yake. Hakugomba, maana si mtu wa kugomba. Asubuhi iliyofuata alifunga turubai lake akaondoka na mpunga wake haujakobolewa, na gari zima likaondoka naye. Baada ya hapo magari ya Kasansa yakawa yanapita getini bila hata kupunguza mwendo.

Lusia alirudia hesabu zake mpaka macho yakauma. Hakukuwa na kosa hata moja, na hilo ndilo lililomtisha. Mchana alitoka nje ya geti apate upepo, akamkuta Prisila, mama wa Kasansa aliyekuja na gari pekee la huko lililokuwa bado na imani, amekaa juu ya gunia lake la mchele kwenye jua.

"Mama, si ulikoboa asubuhi?"

"Nilikoboa."

"Mbona hujaondoka?"

"Niondoke na nini, mwanangu? Gari letu bado. Mzigo wa shemeji yangu upo humo ndani, mmemweka mwisho. Na mimi mmeshanitoa, hata pa kulala sina."

Akajivuta pembeni ampe Lusia nafasi, kisha akasinzia. Lusia naye, kwa uchovu, akaegemea bega la yule mama. Ndotoni aliona viboko kule kwenye hifadhi ya wanyama, wamejazana kwenye bwawa la mwisho lililobaki na maji, migongo imegusana, wametulia kabisa. Yeye anapita juu ya migongo yao na chaki, anawaandika namba, kisha anasimama ukingoni kuwaita mmoja mmoja. Hakuna anayetoka. Anaita tena, wanamtazama kwa upole tu, na maji ni ya uvuguvugu, na anatamani kuingia.

Alizinduka akiwa ameshajua. Hakukosea namna ya kuhesabu. Alikosea kitu cha kuhesabu. Alihesabu watu, na watu hawakusubiri kama watu. Aliyekoboa wa kwanza na aliyekoboa wa mwisho waliondoka saa ile ile. Kilichokuwa kinasubiri ni gari.

Basi akafuta ubao, akazipanga hesabu upya. Kila gari likawa mzigo mmoja. Magari ya mbali, yanayopita hifadhini au kushuka ziwani, yakapewa asubuhi ili giza lisiwakute njiani. Ya jirani yakafuata. Viroba vya bodaboda vikaingizwa gari moja linapotoka na jingine linasogea. Na watu wakabaki ndani, kwenye magunia yao. Akampigia simu Mzee Ezekia.

"Nimekosa, baba. Nilikupanga vibaya."

"Yaliyopita si ndwele, binti," Ezekia alisema. "Tutakuja."

Na walikuja, gari nyuma ya gari. Usingizi ukarudi pale uwanjani, mtamu kuliko mwanzo. Lusia alipita katikati ya waliolala akitabasamu peke yake, hajui kama anatembea au anaota.

Siku mnunuzi alipokuja kuikagua mashine, hapakuwa na pa kuweka mguu.

"Baba, umeona? Uwanja umejaa."

"Nimeona, mama," Gaspar alisema. Alizoea kumwita hivyo kwa kuwa binti alibeba jina la bibi yake. Kisha akaenda kumpokea mnunuzi, akamwonyesha injini.

Lusia akawafuata mbio. "Si ulisema nikijaza hutauza?"

"Wewe ndiye uliyesema."

Lusia akazima mashine. Katikati ya zamu ya watu, akaizima. Uwanja mzima ukaamka kwa ukimya ule, wakaketi wakipikicha macho. Lusia akamshika baba yake mkono, akamketisha kwenye magunia, akakaa chini mbele yake.

"Haya, baba. Sema. Yote."

Mzee akaanza. "Tangu umerudi umesikiliza gunia la kila mtu. Langu ni zito, nikaona lisubiri. Mimi siuzi kwa sababu ya wateja. Mama yako alikuwa analala pale mlangoni mchana, mimi naendesha namtazama. Sasa naendesha natazama sakafu. Nataka kurudi Kapalamsenga, kule ziwani, nikae karibu na kaburi lake. Mashine nilitaka nikuachie, nikadhani msomi hataitaka, nikatafuta mnunuzi. Na ulipokuja na habari ya msimu mmoja, nikajua ndivyo, utatuonyesha elimu yako kisha urudi mjini."

"Nani kakwambia naondoka?"

"Nani kaniambia unabaki?"

Lusia alilia, wala hakujificha. "Nabaki, baba. Sijawahi kutaka kitu kingine."

Mnunuzi aliyekuwa amesimama kwa adabu karibu na injini akakohoa, akauliza basi yeye aje lini na fundi wa kufungua.

"Muulize mwenye mashine," Gaspar alisema, na Lusia akatikisa kichwa, na yule bwana akaaga.

Mzee akainuka, akajipangusa pumba. Alionekana mwepesi. Akauliza kama lile Fuso la bluu si la Kapalamsenga, na kama wana nafasi ya mtu mmoja mwenye begi. Nafasi ilikuwepo. Ndipo Lusia alipoelewa vizuri alichopata, na alichokuwa anakipoteza mchana huo huo.

Akawasha mashine. Kwa mpango wake mwenyewe, gari la ziwani, lile la bluu, ndilo lililotakiwa kufuata. Dereva wake alishaanza kusogeza magunia.

"Nyie subirini," Lusia alimwambia.

"Dada, si sisi ndio wa mbali?"

"Ndiyo. Leo mtakuwa wa mwisho."

Gaspar alisikia. Akarudi kukaa pale alipokuwa amekaa, akamsogezea binti yake nafasi.