Mteja Aliyeingia Faneli ya Barwaqo

Macho ya Asho yalikuwa mabovu ya kusoma, lakini ya kutazama kwa jirani yalikuwa mazima kabisa. Kila alasiri alitandika mkeka karibu na ua wa miti, akajifanya anachambua mchele, kumbe anamchambua Barwaqo, jirani yake wa ng'ambo ya ua.

Barwaqo alipika nyirinyiri, ile nyama ya ngamia inayokaushwa, ikakatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuwekwa ndani ya samli. Hilo halikumuuma Asho. Yeye aliipika tangu Barwaqo anatambaa, na hakuna kapu la nyama ya harusi lililofungwa kamba mtaani hapo bila mikono yake. Kilichomuuma ni Ikra. Ikra, mjukuu wake wa damu, aliyesomea biashara chuoni, alikuwa kwenye mkeka wa Barwaqo akimpangia namna ya kuuza kwa simu.

Kweli, Ikra alianza kwa bibi yake, ayeyo kama alivyomwita. Alikuja na daftari, akachora faneli: juu pana, chini nyembamba. Juu, akasema, ni watu wengi wanaotazama video ya bure. Baadhi yao wataandika WhatsApp. Baadhi ya hao watachukua kikopo cha kuonja. Wachache watakaofika chini ndio wa kununua kilo kila mwezi. Asho alicheka mpaka ushungi ukamtoka. Akasema faneli anayo jikoni, ya kumiminia mafuta taa, na haijawahi kumletea mteja hata mmoja. Ikra akafunga daftari, akahamia ng'ambo ya ua.

Sasa vikopo vya Barwaqo vilikuwa vinapanda basi kwenda Nairobi. Asho alisikia pia kwamba wengi huonja na hawarudi kununua kilo. Siku hiyo alikula akashiba.

Lakini kila Ikra alipocheka kule, mchele ulimshinda mkononi. Akaamua aingie mwenyewe kwenye hiyo faneli aone tundu liko wapi. Alikuwa na laini ya pili. Akajiita Mukami. Akatazama video mara tatu, akaichukia mara tatu. Akaandika kwa kidole kimoja, "Nataka." Jibu likaja mbio, tamu kama halua, na kesho yake kikopo kikamngoja kwa Kathure, muuza mboga sokoni.

Alikula kipande kimoja kutafuta kosa. Akala cha pili ahakikishe. Alipokumbuka kuacha, kikopo kilibaki na samli tu. Hapo simu ikauliza: Mama Mukami, umeionaje?

Kuandika yote kungemfikisha Idi. Akabonyeza, akaongea. Alieleza kwamba vipande ni vikubwa, vilitakiwa kama mbaazi. Kwamba samli haikufunika nyama, na nyama inayoona hewa haimalizi mwezi. Kwamba iliki imetiwa kwa uchoyo.

Ila Asho alilelewa. Mtu haruki kwenye maneno bila salamu. Kwa hiyo alikuwa ameanza na salaam aleikum, akauliza nyumba, watoto, ngamia, goti la mume wa Barwaqo, na mwisho akauliza, "Na Ikra, amekula mchana? Mwambie asikae juani."

Akatuma. Mara akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka ng'ambo ya ua, tangu salaam mpaka iliki.  Barwaqo akacheka mpaka akashika nguzo. Asho akainamia mchele.

"Huyu Mukami," Barwaqo akasema kwa sauti ya kuvuka ua, "anajua nyama kuliko mimi. Samli kweli nilibana."

Ikra akazunguka, akaingia langoni na daftari lake.

"Salaam aleikum, ayeyo. Namtafuta Mukami. Watu walikuwa wanaonja wanapotea, hatukujua kwa nini. Yeye ametuambia."

"Mukami amerudi Meru," Asho akasema. "Lakini mimi nipo."

"Wewe ulisema faneli ni ya mafuta taa."

"Hayo ni ya zamani. Keti."

Ikra akataka kukaa kivulini, mlangoni. Asho akakataa. Akauburuta mkeka hadi kwenye ua kabisa, pale ambapo Barwaqo angewaona wote wawili bila kupinda shingo, akamwambia mjukuu wake aanze kueleza faneli kutoka juu, polepole, na kwa sauti.