Bia Iliyopandishwa Homa

Muuguzi mstaafu alipika bia kama alivyouguza watu miaka thelathini: kwa karatasi ya joto ukutani na kwa kutowaamini jamaa za mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa ndoo ya lita ishirini, imekalishwa kwenye beseni la maji baridi, kona ya stoo. Asubuhi na jioni alichomeka kipimajoto, akasoma, akaandika. Kumi na nane. Kumi na nane.

Kaka yake, aliyestaafu kiwanda cha bia akabaki na kitambi, angekuja kuionja. Akiipitisha, ndiyo itakayonywewa kwenye harusi ya binti yao. Akiikataa, yanakuja makreti ya dukani, na muuguzi alikwisha kuwatangazia mawifi wote kwamba kreti halitakanyaga kwake.

Siku ya nne akaitwa kwa mpwa wake aliyejifungua. Zamu akamwachia mumewe.

"Soma joto. Likitoka kwenye kawaida, chukua hatua."

"Mama wee, nimelala na muuguzi miaka yote hii. Kawaida naijua."

Na kweli aliijua: thelathini na saba. Alipoona kumi na nane, moyo ukampasuka. Akatazama ukutani, kumbe mgonjwa yuko hivyo tangu siku ya kwanza! Akamsikitikia mkewe: uzee huo, hata mgonjwa akipoa haoni tena. Akaitoa ndoo majini, akaifunika blanketi mbili, akaiegemezea chupa ya maji ya moto. Jioni ya pili ilikuwa thelathini na moja, povu linatoka kifunikoni. Akaandika: nafuu.

Mke aliporudi alisimama mlangoni mwa stoo, akanusa.

"Nani kamfunika huyu?"

"Alikuwa anapoa."

Hakugomba. Hilo ndilo lililomtia mzee jasho. Alivua blanketi, akairudisha ndoo majini, akaizungushia taulo zilizolowa. Siku tatu hakusema na mumewe ila kumtuma barafu. Povu lilipotulia, akafunga yale maua makavu ya kuipa bia harufu ndani ya shashi ya vidonda, akayazamisha. Baada ya siku tatu akayatoa.

"Yakizidi hapo," aliuambia ukuta, "inanuka malisho ya mbuzi."

Jumamosi kaka akaja. Akanusa glasi, akaonja, akatazama dari.

"Maua umeyapatia. Chini yake kuna ndizi."

"Ndizi?"

"Mbivu. Na rangi ya kucha kwa mbali. Dada, joto lilikushinda."

Muuguzi akapangusa meza. Mtu wa kumtaja alikuwa naye, amekaa kiti cha pembeni, hakumtaja. Mzee alivumilia kimya hicho kadiri alivyoweza, yaani kidogo sana.

"Shemeji, ni mimi. Niliikuta kumi na nane, nikaipasha."

"Kwa nini, bwana?"

"Mtu akifika kumi na nane si tunamchimbia?"

Kaka akaweka glasi chini polepole.

"Hii harusini haiendi. Wageni wataamka vichwa vinawagonga. Ila mkono wa dada ni mzima, na harusi bado wiki saba. Apike nyingine. Wewe, shemeji, stoo huingii."

"Sawa. Na hii tunaimwaga?"

Muuguzi alikwisha kushika kalamu. Akageuza ile karatasi ya joto, akaandika kwa mwandiko wake wa wodini, akampa mumewe: glasi moja, kutwa mara mbili, baada ya chakula, mpaka ndoo iishe.

"Na dozi usikatize," akasema.